Samaki wa Kuanzia: Shombo, Miiba na Bei katika Jiji la Eldoret

Mkanganyiko uliopo

Mkazi wa Eldoret ambaye hakulelewa kwa samaki, na ambaye sasa anataka kuanza kumla kwa ushauri wa daktari, au kwa kuwa ameoa au kuolewa katika jamii inayomla, au kwa sababu tu bei ya nyama ya ng'ombe imemchosha, hukutana na ushauri unaovutana. Wapo wanaomwelekeza kwa ngege, jina ambalo watu wa ziwani humwita tilapia, kwa hoja kwamba huyo ndiye samaki wa kila mtu. Wengine humtajia mbuta, yaani sangara mkubwa wa Ziwa Victoria, kwa kuwa mnofu wake hausumbui kwa miiba. Wahudumu wa afya humsifia omena, dagaa wadogo wakavu, kwa madini yao. Na karibu kila mmoja humwonya ajihadhari na "samaki wa China" bila kumweleza atawatambuaje. Onyo hilo lilishika kasi mwishoni mwa mwaka 2018, pale Rais Uhuru Kenyatta alipohoji hadharani sababu ya kuagiza samaki kutoka Uchina ilhali Kenya ina wavuvi wake, na vyombo vya habari vikaeneza madai ya madini mazito katika samaki hao. Tangu hapo swali la ladha limechanganywa na la usalama, na la usalama likachanganywa na la uzalendo, hata mlaji mgeni hajui tena anashauriwa juu ya lipi.

Uchambuzi huu unashughulikia swali la ladha, na kuyagusa hayo mengine pale tu yanapoathiri uchaguzi. Ni samaki gani, au chakula gani kingine cha majini, kinachomfaa mtu anayesitasita, katika jiji lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, mbali na ziwa na mbali zaidi na bahari? Washauri wengi hulijibu swali hili kwa kutaja jina la samaki. Jibu la namna hiyo lina upungufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukali unaomkimbiza mlaji mgeni huzaliwa baada ya samaki kuvuliwa, njiani na sokoni.

Usuli: nchi ya maziwa iliyopokea samaki

Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa. Jamii za Wakalenjin, wakiwemo Wanandi na Wakeiyo, zilijenga mlo wao juu ya wimbi, nyama, maziwa na mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa, na katika mlo huo samaki hakuwa na nafasi. Wanahistoria wanaofuatilia mila kwa njia ya lugha, Christopher Ehret akiwa mmojawapo, wameuhusisha mwiko wa samaki miongoni mwa Waniloti wa kusini na maingiliano yao ya kale na Wakushi. Kusita kwa mlaji wa leo, basi, kusichukuliwe kuwa ni deko. Aliyemzoea samaki tangu utotoni huipokea harufu yake pamoja na kumbukumbu za jikoni kwa mama yake. Asiyemzoea huipokea harufu hiyo peke yake, bila chochote cha kuitetea.

Samaki walifika Eldoret pamoja na watu. Reli iliingia mjini mwaka 1924, na baadaye viwanda vya nguo, shule, hospitali na vyuo vikaleta wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi, ambao hawakuona sababu ya kuacha chakula chao nyuma. Leo katika mitaa kama Langas na Huruma samaki wa kukaanga ni sehemu ya kawaida ya biashara ya jioni. Elimu nayo ilichangia: kampasi ya Chepkoilel, ambayo mwaka 2013 ilipata hadhi kamili ya Chuo Kikuu cha Eldoret, imefundisha taaluma ya uvuvi na ufugaji wa samaki kwa miaka mingi.

Msukumo mkubwa zaidi ulitoka serikalini. Mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulilenga kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, na ukaandamana na kampeni ya kuwahimiza Wakenya wale samaki. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa ulipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014, kisha ukaporomoka hadi karibu tani 15,000 mwaka 2016, kwa sababu ya bei ya chakula cha samaki, uhaba wa vifaranga bora na masoko ambayo hayakuandaliwa. Nyanda za juu zilikuwa na kikwazo cha ziada. Ngege hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi, na maji yakishuka chini ya 20 hudumaa; kwa hiyo mfugaji wa huku hungoja muda mrefu na mwishowe huvua samaki wadogo. Jambo hili linamhusu moja kwa moja mlaji anayesitasita, kwa maana kadiri samaki anavyokuwa mdogo ndivyo miiba yake inavyokuwa myembamba, migumu kuonekana na mingi katika kila tonge. Kampeni iliyokusudia kuwavuta watu kwenye samaki iliwapa baadhi yao samaki mgumu zaidi kumla.

Shombo hutoka wapi

Shombo, ile harufu inayomfanya mlaji mgeni aisukume sahani, lina vyanzo vitatu ambavyo kwa kawaida huchanganywa kana kwamba ni kimoja.

Cha kwanza ni muda. Samaki aliyetoka majini papo hapo hana harufu kali. Akishakufa, bakteria walio kwenye matamvua, ngozi na matumbo huanza kuuvunja mwili wake, na kutokana na kemikali iitwayo trimethilamini oksaidi huzalishwa trimethilamini, ambayo ndiyo hasa pua huitambua kuwa shombo. Samaki wa bahari wana akiba kubwa ya kemikali hiyo, kwa kuwa huwasaidia kuhimili chumvi, ilhali wengi wa maji yasiyo na chumvi wana kiasi kidogo. Kasi ya badiliko hutegemea joto. Ngege au mbuta aliyefunikwa kwa barafu tangu ufukweni anaweza kubaki mzuri kwa zaidi ya wiki mbili. Akiachwa bila barafu katika joto la Kisumu huharibika kabla siku haijaisha. Safari ya takriban kilomita 120 kutoka Kisumu hadi Eldoret si ndefu, na baridi ya jiji husaidia kidogo, lakini hakuna baridi ya mlimani inayoweza kurudisha saa ambazo samaki alikaa mtumbwini na juani kabla ya gari kuondoka.

Historia ya soko la nje inalithibitisha hili vizuri. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya bakteria na kipindupindu, kisha kwa hofu ya sumu zilizotumiwa katika uvuvi haramu. Viwanda na serikali za nchi tatu zinazolizunguka ziwa zikalazimika kuboresha fukwe, barafu na ukaguzi, na baada ya hapo mbuta akasafiri maelfu ya kilomita akafika Ulaya akiwa hana harufu ya kumkera mtu. Samaki wa soko la ndani, aliyevuliwa katika ziwa hilohilo, hakupata mnunuzi mwenye nguvu ya kumdai barafu. Tofauti ya ladha kati ya hao wawili ni tofauti ya huduma, na ni jambo la kusikitisha kwamba mlaji aliye karibu na ziwa amezoeshwa kuiona kuwa ndiyo asili ya samaki.

Chanzo cha pili ni tope. Samaki wa bwawa lisilotunzwa huweza kuwa na ladha ya udongo hata kama amevuliwa asubuhi hiyohiyo. Ladha hiyo hutokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na vijidudu vya majini, hasa katika maji yaliyotulia na kujaa ukijani, ambayo hujikusanya katika mafuta na ngozi ya samaki. Barafu haisaidii hapa. Dawa yake ni ya mfugaji: kumweka samaki akiwa hai katika maji safi yanayopita, bila chakula, kwa siku kadhaa kabla ya kumuuza. Jikoni, ndimu au siki huipunguza, kama inavyolipunguza pia shombo la trimethilamini.

Chanzo cha tatu ni mafuta, na hiki husahaulika mno. Mchuuzi asiye na jokofu huwakaanga jioni samaki waliobaki, kwa kuwa kukaanga ni njia ya kuhifadhi kabla ya kuwa njia ya kupika, na mafuta ya karai lilelile hutumika tena na tena mpaka yakawa meusi na mazito. Mtu aliyeonja kipande cha namna hiyo barabarani na kuapa kwamba hapendi samaki amekwisha kuyahukumu mafuta. Samaki mwenyewe bado hajaonjwa.

Hoja ya mbuta

Wanaompendekeza mbuta wana hoja nzito kuliko wote kwa upande wa miiba. Samaki huyu, aliyeletwa katika Ziwa Victoria kutoka nje katika miaka ya 1950 na 1960, ana mnofu mweupe, mnene, unaokatwa vipande visivyo na kichwa, ngozi wala miiba midogo, na ladha yake ni tulivu kiasi cha kufuata mchuzi wowote anaotiwa. Kwa mtu anayeogopa kukwamwa, au anayeshindwa kula kitu kinachomtazama kwa macho, mbuta huondoa vikwazo viwili kwa mkupuo.

Udhaifu wake ni bei, na sababu yake ni ileile iliyomwokoa na shombo. Viwanda vinavyouza fileti nje hushindania mbuta wakubwa, na biashara ya mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo vinavyotakiwa sana huko Uchina, imeongeza thamani ya kila samaki mzima. Wenyeji wa ziwani wamebaki na mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki baada ya mnofu kuondolewa, ambayo hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Mgongo wazi ni chakula kizuri kwa anayejua kumla samaki, lakini ni mwanzo mbaya kwa asiyejua. Wapo pia mbuta wachanga walio chini ya sentimita 50, ambao ni haramu kuvuliwa. Kuwanunua kwa sababu ya unafuu ni kulipunguza ziwa ambalo bei yenyewe inalitegemea.

Hoja ya ngege

Ngege anapatikana kila mahali, bei yake huenda na ukubwa wake, na mapishi yake yanajulikana. Ana magamba, kwa hiyo hata madhehebu yanayokataa samaki asiye na magamba humkubali. Mafuta yake ni machache, na samaki mwenye mafuta machache kwa kawaida ana ladha nyepesi. Hata hivyo kumtaja "ngege" hakutoshi, kwa kuwa katika soko la Eldoret jina hilo hubeba samaki wa asili tofauti ambao kwa ulimi hawafanani.

Ngege aliyevuliwa ziwani anasifiwa kuliko wote, na akiwa mbichi kweli anastahili. Tatizo ni kwamba mnunuzi hununua sifa ya ziwa bila kujua urefu wa safari. Yule wa vizimba, yaani nyavu zinazoelea ziwani ambazo ufugaji wake umeenea Homa Bay, Siaya na kwingineko katika miaka ya karibuni, huvuliwa kwa ratiba, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumtia barafu mapema, na ukubwa wake hulingana. Wa bwawa la Uasin Gishu anaweza kuwa mbichi kuliko wote, pengine bado anarusharusha mkia anapofika mezani kwa muuzaji, lakini ndiye mwenye hatari ya tope na udogo.

Wa nne ni yule aliyeagizwa kutoka Uchina akiwa amegandishwa, na kwake haki inahitaji kutendeka. Kwa upande wa shombo, kugandishwa husimamisha kazi ya bakteria, hivyo samaki aliyegandishwa upesi na kubaki hivyo anaweza kuwa na ladha tulivu kuliko wa ziwani aliyeshinda juani. Kwa upande wa usalama, tilapia kama aina ya samaki hula vyakula vya chini katika mnyororo wa ulaji, kwa hiyo si katika wale wanaokusanya zebaki nyingi, kama papa na wawindaji wengine wakubwa wa baharini. Tuhuma za shehena fulani zinapaswa kuamuliwa kwa vipimo vya shehena hiyo. Kasoro halisi huanza pale anapoyeyushwa ili aonekane mbichi, kwa maana hapo hupoteza faida pekee aliyokuwa nayo. Zipo pia hoja za kumlinda mvuvi wa Kenya, nazo ni halali, ila zisivae vazi la ladha.

Hoja ya omena

Kwa lishe, omena hana mpinzani katika bei yake. Huliwa mzima, pamoja na kichwa na mifupa, na kwa hiyo humpa mlaji kalsiamu, chuma na vitamini A ambavyo mnofu mtupu wa mbuta hauvitoi kwa kiwango hicho. Huuzwa kwa kikombe au gorogoro, hadai jokofu, na familia ya kipato kidogo inaweza kumnunua kidogo kidogo. Lakini ndiye mwenye ladha kali kuliko wote: matumbo yake yana uchungu, mafuta yake huchacha upesi akihifadhiwa vibaya, na aliyeanikwa mchangani badala ya kwenye vichanja huja na mchanga unaosaga meno. Msimu wa mvua huzidisha hali, kwa kuwa kukauka huchelewa na wengi huishia kuwa chakula cha kuku.

Baadhi ya washauri husema omena asagwe na kutiwa katika uji. Njia hii inafaa kwa mtoto anayehitaji madini, lakini humficha samaki badala ya kumzoesha mtu kumla, na unga hauonyeshi kama omena waliosagwa walikuwa wazuri. Ipo njia inayofaa zaidi nchi ya maziwa: omena huchambuliwa, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka maji yatoke meupe, hukaushwa kwenye sufuria bila mafuta hadi waanze kulia wanapokorogwa, kisha hutiwa mafuta mapya, kitunguu na nyanya, na mwishowe maziwa au malai, kama wapishi wa huku wanavyofanya na mboga za managu na sagaa. Ukali hupungua sana, na ladha inayobaki ina kitu ambacho ulimi wa huku unakijua.

Kambare na vyakula vya baharini

Kambare, ambaye wengine humwita mumi, huvumilia mabwawa mabaya kuliko ngege, kwa kuwa anaweza kupumua hewa, na mnofu wake una miiba michache. Kwa hoja hizo angefaa sana. Lakini hana magamba, ana ute na umbo refu linalomkumbusha nyoka mtu asiyemzoea, na huchukua ladha ya tope kwa urahisi. Zaidi ya hayo, Waadventista wa Sabato, ambao chuo kikuu chao cha Baraton kiko katika kaunti jirani ya Nandi, hawali samaki asiye na magamba wala kamba, kaa na pweza, kwa kufuata sheria za Mambo ya Walawi. Mwenyeji anayewaandalia wageni asiowajua vyema afadhali amwache kambare.

Kamba ni watamu na wapole ulimini, lakini ni ghali, na mtu ambaye hajawahi kuwala aanze na kidogo, kwa sababu mzio wao unaweza kuwa mkali. Ngisi na pweza hawana shombo kubwa. Kinachowashinda wageni ni ugumu wa kutafuna. Samaki weupe wa pwani kama changu wangefaa sana wakiwa wabichi, ila kati ya Mombasa na Eldoret kuna takriban kilomita 800, na ndiyo maana huonekana zaidi katika majokofu ya maduka makubwa na hotelini.

Mizani

Wapo wanaosema kwamba katika nchi yenye maziwa, mayai, maharagwe na nyama hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa samaki. Kwa mtu mzima mwenye afya na uwezo, hoja hiyo ina ukweli. Inadhoofika kwa aliyeshauriwa apunguze nyama nyekundu, kwa mama mjamzito ambaye mtoto wake anafaidika na mafuta ya samaki, na kwa kaya ambayo nyama imekuwa ya sikukuu.

Kwa wanaotaka kuanza, uchaguzi unategemea ni nini hasa kinachomzuia mtu. Anayezuiwa na miiba au kichwa aanze na mbuta, hata kama ni robo kilo kwa mara moja, kwa kuwa hakuna mapishi yanayouondoa mwiba. Anayezuiwa na harufu hahitaji kulipia mbuta; anahitaji muuzaji mwenye barafu inayoonekana, na ngege mpana ambaye macho yake yamevimba na kung'aa, matamvua yakifunuliwa ni mekundu bila ute wa kijivu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole gumba hurudi mahali pake. Samaki wa namna hiyo akichovywa kwenye maziwa kwa nusu saa, akaoshwa, akakamuliwa ndimu na kupikwa siku hiyohiyo, humpa mlaji nafasi ya haki ya kuamua. Kati ya ngege wa kizimba aliyetunzwa kwa barafu na wa ziwani asiye na historia, wa kizimba ndiye bora kwa mwanafunzi, hata kama mjuzi angemchagua wa pili. Omena aje baadaye, mlaji akishaacha kuogopa, isipokuwa pale ambapo kipato hakiruhusu kingine. Hapo apikwe kwa maziwa, na asitumike katika mvua za masika bila kunuswa kwanza.

Kuna uchaguzi mmoja ambao mlaji hawezi kuufanya peke yake. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, na masoko yake yanaendelea kupangwa upya. Mashine ya barafu na maji safi ya bomba katika sehemu ya samaki ya kila soko vingemfanya ngege wa kawaida wa Langas kuwa mpole kuliko fileti yoyote iliyoyeyushwa mara mbili, kwa bei ambayo mama wa Langas anaweza kuilipa. Serikali iliyoweza kugharamia maelfu ya mabwawa kabla ya kufikiria jinsi samaki atakavyomfikia mlaji ina deni hilo la kulipa, na ni deni dogo kuliko gharama ya mabwawa yaliyoachwa yakaota nyasi.